Tundu la Sita

Fundi viatu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: hakuweza kuona kitu kilichopinda akakiacha. Mshono ukienda upande, aliufumua wote hata kama mteja hakuulalamikia. Ukimletea kiatu cha kulia kilicholika kisigino, alikuomba na cha kushoto akisawazishe bure, ili tu usiku apate usingizi. Majirani wa kibandani kwake walimwita Rula. Jina lilimpendeza, na mambo yangeendelea kuwa mazuri kama asingetaka kuoa.

Taabu haikuwa mchumba. Mchumba alishakubali zamani. Taabu ilikuwa dada mtu. Wazazi wao walifariki mapema, na huyu dada, muuguzi wa chumba cha vidonda, ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha, akamchagulia hata mswaki. Akisema ndiyo, ndoa ipo, akinyamaza, haipo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kufungua bendeji na kutazama kilichomo bila kukunja uso. Fundi alimwita shemeji kwa heshima zote, na kila alipomwita alijihisi kama kidonda kinachosubiri zamu.

Siku moja, wakila mezani nyumbani kwa shemeji, mazungumzo yaligeukia mbio za porini. Mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari alikuwa anaandaa mbio kwa ajili ya watu wasiowahi kushiriki: wawili wawili, ramani moja, dira moja, vituo kumi vilivyofichwa msituni, muda wa saa nne. Fundi, kwa kutaka kuonekana, akaropoka kwamba dira kwake ni mambo ya utotoni, maana alikuwa skauti. Hilo lilikuwa nusu ya kweli. Skauti alikuwa, lakini miaka yote miwili alipiga ngoma.

Shemeji akaweka kijiko chini. Akasema vizuri, basi watajiandikisha wao wawili.

"Kibandani kwako kila kitu kiko mahali pake," alimwambia. "Mimi nataka nikuone siku umepotea."

Mchumba akacheka. Fundi naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

Mafunzo yalifanyika Jumamosi mchana, darasani. Mwalimu, mtu anayevaa filimbi shingoni hata akienda dukani, alipanga vifaa juu ya dawati kimoja kimoja. Hii ni ramani. Kabla hujaisoma igeuze kwanza mpaka kaskazini yake ilingane na kaskazini ya sindano ya dira. Hii ni dira; mshale huu unaelekeza unakokwenda, sindano hii nyekundu inajua kaskazini tu na haijui habari zako. Umbali unapimwa kwa hatua, kwa hiyo mmoja ahesabu na mwenzake ashike uelekeo. Na hii ni kadi yenye visanduku kumi.

Kadi ndiyo iliyomwamsha fundi. Mwalimu alieleza kwamba kila kituo kina kitambaa cheupe na chekundu, na chini yake kimening'inizwa kibanio cha plastiki chenye meno ya sindano ndogo. Ukifika unaingiza kadi, unabana, matundu yanabaki. Kila kibanio kina mpangilio wake wa matundu, hakuna viwili vinavyofanana, kwa hiyo huwezi kudai umefika mahali ambapo hukufika. Ukikosa kituo si dhambi: unaongezewa nusu saa kwenye muda wako na maisha yanaendelea.

Vibanio vile vilimpendeza fundi kuliko alivyotarajia. Alivishika, akavinusa, akavijaribu kwenye karatasi. Kimoja kilikuwa kimekwama. Akatoa kifuko chake cha ngozi, kile kinachokaa mfuko wa shati siku zote, chenye sindano ya kutobolea soli, uzi, misumari midogo na sumaku ya kuokotea misumari ikimwagika. Akainama pembeni, akakitengeneza kibanio mpaka kikabana kama kipya. Mwalimu akamsifu mbele ya darasa zima. Fundi alifurahi mno hata asisikie sentensi iliyofuata, kwamba chuma, simu na sumaku vikae mbali na dira. Shemeji aliisikia. Aliiandika kwenye daftari, akaipigia na mstari.

Siku ya mbio timu ziliachiwa kwa kupishana dakika kumi, na wao walikuwa wa mwisho. Vituo sita vya kwanza vilikwenda kama maji mteremkoni. Kimoja kilikuwa kando ya ukuta wa shamba, kingine darajani, kingine pale njia inapogawanyika. Yaani hata mbuzi angevipata. Fundi alikuwa mbele, ramani mkononi, dira imening'inia kifuani, anaelekeza kwa kidole kama ofisa. Shemeji alikuwa nyuma, anahema polepole, akibana kadi kila wakifika na kumrudishia fundi aihifadhi. Njiani alisema kitu kimoja tu, kwamba huenda huo uskauti ulimsaidia. Fundi alijiona ameshavaa suti ya harusi.

Kituo cha saba hakikuwa na njia. Ramani ilionyesha mkondo wa maji unaokunja kona, kisha msitu mtupu, kisha kiduara chekundu. Kutoka kwenye kona ya mkondo ilibidi kushika uelekeo mmoja kwa hatua mia nne. Fundi akaiinua dira iliyokuwa kifuani, akaisomea hapo hapo juu ya mfuko wa shati, akanyoosha mkono. Shemeji akaanza kuhesabu.

Mia nne ilipofika, hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na vichaka, na kichuguu kilichowatazama bila msaada wowote. Wakazunguka. Wakarudi nyuma, wakaenda mbele. Shemeji aliuliza kama uelekeo ni ule ule. Fundi akajibu kwa sauti nene kwamba dira haijawahi kumdanganya. Dakika thelathini zikapita hivyo. Suruali zilijaa miiba na jasho likaingia machoni.

Ndipo fundi alipoinama kufunga kamba ya kiatu. Dira ikaning'inia mbali na kifua, na mbele ya macho yake ile sindano nyekundu ikageuka polepole, ikatulia upande mwingine kabisa. Akaisogeza kifuani: ikarudi kule kwa mwanzo. Akaisogeza mbali: ikageuka tena. Akagusa mfuko wa shati, akaisikia sumaku chini ya kidole, imetulia pale kama mgeni aliyekaribishwa.

Angeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: shemeji, nimebeba sumaku. Wangecheka, wangerudi kwenye kona ya mkondo, wangeanza upya na muda ulikuwa bado upo. Lakini mtu aliyejiita skauti hawezi kukiri kwamba alibeba sumaku karibu na dira. Fundi akasimama, akajifuta jasho, na mdomo wake ukamtangulia.

"Labda ulikosea kuhesabu, shemeji."

Shemeji alimtazama. Kisha akatazama chini, akifikiri kwa dhati kama mtu anayepekua rekodi zake.

"Inawezekana," alisema. "Kuna mgonjwa wangu mmoja yuko kichwani tangu asubuhi. Samahani, fundi."

Hilo samahani lilimwingia fundi mahali ambapo hata sindano yake isingefika. Akasema si kitu, kila mtu hukosea, na aliposema hivyo masikio yalimwaka moto. Wakakubaliana waachane na cha saba, nusu saa iongezwe, waende cha nane.

Cha nane kilikuwa kwenye makutano ya njia, chini ya bomba la maji. Hapo waliwakuta wapiga rangi wawili, ndugu, waliokuwa wamekaa wakitafuna karanga na kutupiana lawama kuhusu nani aliyewapeleka kwenye shamba la mihogo. Kadi yao ilikuwa juu ya jiwe, imelala wazi. Shemeji alikwenda bombani kujaza chupa. Fundi hakuwa na nia mbaya. Aliitazama kadi ile kama mtu anavyotazama kiatu cha mtu mwingine. Kisanduku cha saba kilikuwa na matundu matano: matatu juu, mawili chini.

Kama angekuwa mtu mwingine, angeyaona matundu matano na kuishia hapo. Yeye aliona mistari miwili ya matatu matatu, na pembe moja imekosekana. Akajua moja kwa moja kwamba wapiga rangi hawa ni wazembe, hawakubana kwa nguvu, sindano moja haikupita. Akasikitika kidogo kwa niaba ya ufundi.

Wale ndugu walipoondoka, na shemeji bado ameinama bombani akinawa uso, fundi aligeuka upande wa mti. Wala hakuamua. Mkono ndio ulioamua, mkono uliotoboa ngozi miaka kumi na miwili, ambao haupendi kuona kisanduku kitupu katikati ya visanduku vilivyojaa. Alitoa sindano, akaweka kadi juu ya goti, akatoboa. Matatu juu. Mawili chini. Na la sita akaliongeza kwenye pembe, safi, umbali sawasawa. Ilikuwa kazi nzuri. Aliitazama akaridhika, na papo hapo akaifunika kwa kiganja.

Vituo vilivyobaki alivibana mwenyewe, na kadi hakuitoa mkononi.

Kwenye mstari wa kumalizia kulikuwa na meza, mwavuli na watu kama hamsini. Mwalimu akapokea kadi, akahesabu kwa sauti: kumi kati ya kumi. Shemeji aligeuka akamtazama fundi. Alisubiri tu, jinsi anavyosubiri mgonjwa amalize kusema kwamba kidonda hakiumi. Fundi alijitia hamnazo, akawa anaangalia mwavuli.

Mwalimu akaandika. Kwa muda huo na vituo vyote kumi, walikuwa wa pili. Wapiga rangi wakashushwa kutoka wa pili kuwa wa tatu, wakapiga makofi kiungwana. Kisha mwalimu akaishika tena ile kadi, akaileta karibu na macho, akaiweka kando ya nyingine. Akawaita watu waje waone.

Akaeleza kwamba asubuhi, alipokuwa anatundika kibanio cha saba, kilimponyoka kikagonga jiwe, sindano moja ikakatika. Hakuwa na kingine, akakiacha hivyo hivyo. Kadi zote zilizorudi zina matundu matano. Hii ina sita.

Fundi alitamani ardhi ifunguke immeze, na ijifunge vizuri baada ya hapo. Alijua ameshikwa. Alifungua mdomo. Lakini mwalimu alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

"Fundi, usiniambie ulinitengenezea kibanio changu huko huko msituni."

Mlango huo ulifunguliwa kwa ukarimu mno. Watu walishaanza kucheka kwa furaha. Mpiga rangi mmoja akasema Rula ni Rula tu, hata akikimbizwa na simba atasimama amnyooshee mkia. Na kwa kuwa wao walikuwa timu ya mwisho, hapakuwa na mtu aliyepita pale baada yao wa kusema vingine. Fundi alitikisa kichwa juu na chini. Hakusema ndiyo, kichwa ndicho kilichosema. Watu wakapiga makofi.

Wakataka aonyeshe alitumia nini. Akatoa kifuko, akakiweka mezani karibu na kikopo cha pini za kubania namba za wakimbiaji. Pini tatu zikaruka kutoka kwenye mdomo wa kikopo, zikajibandika kwenye ngozi ya kifuko, tap, tap, tap. Watu walicheka mpaka mwavuli ukatikisika.

Shemeji hakucheka. Alizitazama zile pini. Kisha akaitazama dira iliyokuwa kifuani mwa fundi, na mfuko wa shati, na tena zile pini. Fundi alimwona akihesabu, na safari hii alijua hesabu itatoka sawa.

Mwalimu akasema sasa inabidi vitambaa na vibanio vikusanywe kabla jua halijashuka. Fundi akadakia haraka kwamba cha saba atakifuata yeye. Kichwani hesabu yake ilikuwa fupi: afike, apachike msumari mdogo mahali pa sindano iliyokatika, uwongo ugeuke kweli, na hakuna atakayejua. Lakini atakipataje mahali ambapo hakuwahi kufika? Hilo hakulifikiria.

"Tutakwenda wote," alisema shemeji.

Walitembea mpaka kwenye kona ya mkondo. Hapo shemeji akanyoosha mkono, akaomba dira. Akalitoa daftari mfukoni, akalifungua kwenye ile sentensi iliyopigiwa mstari, akamwonyesha. Kisha akamwambia, kwa upole unaouma kuliko tusi, atembee hatua kumi nyuma yake na hicho kifuko chake.

Akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Fundi alimfuata kama mtoto aliyetumwa kurudisha alichoiba dukani. Mia moja. Mia mbili. Kila namba ilimgonga kisogoni. Mia tatu tisini na nane, mia tatu tisini na tisa, na shemeji akasimama. Nyuma ya gogo lililoanguka, kitambaa cheupe na chekundu kilikuwa kimening'inia, hakina habari.

Shemeji akakaa juu ya gogo, akavua kiatu, akamwaga mchanga na vijiwe.

"Fanya kilichokuleta, fundi," alisema, macho yakiwa kwenye kiatu.

Fundi alikishika kibanio. Pembe ile ilikuwa wazi, sindano imekatika kwenye shina. Msumari wa kutosha hapo alikuwa nao; kazi ya dakika mbili. Vidole vilimwasha. Akakigeuza, akakigeuza tena, na ghafla akagundua kwamba jambo lililokuwa linamchoma zaidi halikuwa kwenye kibanio.

"Hesabu yako ilikuwa sawa," alisema.

"Najua. Sasa najua."

"Nilikuwa na sumaku mfukoni. Niliigundua pale kwenye kichuguu kabla sijakwambia umekosea. Nilijua, nikakwambia hivyo hivyo."

Shemeji alikipiga kiatu kwenye gogo mara mbili.

"Matundu matano au sita, hiyo ni karatasi," alisema. "Mimi nimetembea vituo vitatu nikijiuliza kama huwa nakosea na vipimo vya dawa."

Fundi alikaa chini kwenye majani, siyo kwenye gogo, na uso akauweka magotini. Baadaye aliuliza, bila kuinua kichwa, kwa nini hakumuumbua pale mezani mbele za watu. Shemeji akasema alikuwa anamngoja. Akaongeza kwamba bado anamngoja, na jua linashuka, kwa hiyo afanye hima.

Fundi akakifungua kibanio kutoka kwenye kamba kilivyo, na pembe yake wazi. Akakibeba mkononi, hakukitia mfukoni.

Kule mezani watu wengi walikuwa bado wapo, wanakunywa maji na kusimuliana walivyopotea. Fundi angeweza kumvuta mwalimu pembeni. Alilifikiria hilo hatua zote za kurudi, na alipofika miguu ilitaka kwenda pembeni yenyewe. Akajikaza. Alikiweka kibanio mezani, akasema kwa sauti ambayo hakuipenda kwamba hakukitengeneza, wala siku hiyo hakukiona mpaka sasa hivi. Kwamba matundu ya kisanduku cha saba aliyatoboa kwa sindano yake chini ya mti. Kwamba walipotea kwa sababu ya sumaku yake, na mwenzake hesabu zake zilikuwa sawa hatua kwa hatua. Hilo la mwisho alilirudia, ili hata waliokaa nyuma wasikie.

Mwalimu alikata jina lao kwenye karatasi polepole, akiepuka kumtazama, na kutotazamwa huko kulimuuma fundi kuliko kelele. Mpiga rangi mkubwa ndiye aliyeuliza, kwa udadisi wa kweli kabisa, ikiwa aliiga kutoka kwenye kadi yao yenye matano, kwa nini alitoboa sita.

"Nilidhani mmekosea," alijibu fundi.

Kicheko kilichofuata kilisikika, nadhani, mpaka kituo cha saba. Jina la Rula lilikufa siku ile ile. Kufikia Jumatatu hata muuza vocha wa jirani alimwita Tundu la Sita, na fundi akaitika, kwa sababu angesema nini?

Wiki nzima hakwenda kwa mchumba. Alimwandikia ujumbe mara nne, akaufuta mara nne. Alikaa kibandani kichwa chini, na mteja akisifia kazi alihisi kama anatukanwa.

Ijumaa jioni kivuli kilisimama mlangoni. Shemeji alikuwa na sare zake za kazi, na mfuko wa plastiki mkononi. Akatoa kiatu alichovaa siku ya mbio. Soli imeachia mbele, inafungua mdomo kama mamba. Fundi alikipokea kwa mikono miwili, hakuinua macho.

"Mdogo wangu anauliza uko wapi," alisema shemeji. "Nimemwambia ulipotea, na kwamba unajua njia ya kurudi kwetu."

Kisha akainama, akaweka kidole kwenye kiatu, pale soli ilipoachia.

"Shona hapa tu. Usiongeze kitu ambacho hakikuwepo."

Alipoondoka, fundi aliwasha taa, akashona pale palipoachia, polepole. Pembeni kidogo, kwenye kisigino, kulikuwa na mshono wa zamani wa kiwandani, umekwenda upande, mbaya, unapiga kelele. Aliutazama kwa muda mrefu, sindano mkononi. Vidole vilimwasha mpaka akavikalia. Halafu akakiingiza kiatu kwenye mfuko, na mshono wake uliopinda, akafunga.